Mo'ne Davis: Binti wa miaka 13 aliyewazima wavulana, na msichana aliyemtangulia miaka 40 kabla

Agosti 15, 2014, mjini South Williamsport, Pennsylvania, Marekani. Uwanjani kuna timu mbili za watoto: Philadelphia na Nashville. Anayerusha mpira kwa upande wa Philadelphia ni binti mwembamba mwenye nywele za rasta. Anaitwa Mo'ne Davis, umri miaka 13.

Mechi inaisha 4-0. Nashville hawakupata pointi hata moja.

Kwa siku ile moja, Mo'ne akawa msichana wa kwanza kushinda mechi kama mrushaji katika fainali za dunia za Little League, na wa kwanza kumaliza mechi bila kuruhusu pointi.

Kama hujawahi kuangalia besiboli, usijali. Twende taratibu.

Kwanza, alifanya nini hasa?

Katika besiboli, mrushaji ndiye moyo wa timu. Anarusha mpira, mpinzani anajaribu kuupiga kwa gongo. Mpigaji akikosa mara tatu, yuko nje. Mo'ne aliwatoa hivyo wavulana 8, na Nashville nzima ilifanikiwa kupata mapigo mazuri 2 tu.

Mpira wake ulikuwa ukifika kasi ya kilomita 113 kwa saa. Kwa watoto, mrushaji anasimama umbali wa mita 14 tu kutoka kwa mpigaji. Piga hesabu: mpira unafika ndani ya nusu sekunde. Ukipepesa macho, umeshapita!

Siku chache baadaye picha yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Sports Illustrated. Hakuna mchezaji wa Little League aliyewahi kuwekwa pale kabla yake akiwa bado anacheza. Jezi yake ikapelekwa kwenye jumba la kumbukumbu za besiboli, Cooperstown.

Hiyo Little League ni nini?

Ni ligi ya watoto iliyoanza mwaka 1939 huko huko Williamsport. Leo inachezwa nchi nyingi, na kila Agosti timu bora zinakutana Pennsylvania. Hata Afrika Mashariki tunaijua: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali hizo.

Lakini wasichana? Kwa miaka mingi walikuwa hawatakiwi.

Mwaka 1950 binti mmoja wa jimbo la New York, Kathryn Johnston, alikata nywele zake, akajiita Tubby, akasajiliwa kama mvulana. Alipojieleza kwamba ni msichana, kocha wake akamwacha aendelee. Ligi ikajibu mwaka uliofuata kwa kanuni mpya: wasichana marufuku.

Mlango ulifunguliwaje?

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye wengi hawamjui: Maria Pepe wa Hoboken, New Jersey.

Mwaka 1972 Maria alikuwa na miaka 12 na alikuwa mrushaji mzuri. Alicheza mechi 3 tu. Makao makuu ya ligi yakaiambia klabu yake: mkimchezesha huyo, tunawafutia usajili. Fikiria mtoto wa miaka 12 kuambiwa kwamba yeye ndiye atawaharibia wenzake. Akatoka.

Shirika la kutetea haki za wanawake, NOW, likalifikisha suala lake mbele ya sheria. Uongozi wa ligi ukadai, pamoja na mambo mengine, kwamba mifupa ya wasichana ni dhaifu kuliko ya wavulana. Hoja hiyo haikukubaliwa. Uamuzi wa New Jersey ulikuwa upande wa Maria, na mwaka 1974 Little League ikafuta marufuku nchi nzima.

Ila Maria mwenyewe hakurudi uwanjani. Kesi ilipoisha alikuwa na miaka 14, ameshapita umri wa kucheza. Alishinda kesi, mchezo akaukosa.

Sasa hesabu: kutoka 1974 mpaka 2014 ni miaka 40 kamili.

Mbona ilichukua muda mrefu hivyo?

Kwa sababu kufuta kanuni ni jambo moja, kumkaribisha mtu ni jambo jingine. Mwaka ule ule wa 1974 ligi ilianzisha softiboli ya wasichana, mchezo unaofanana na besiboli lakini wenye mpira mkubwa zaidi na unaorushwa kwa mkono wa chini. Toka hapo, msichana akipenda besiboli alielekezwa huko. Mpaka Mo'ne anafika, wasichana waliowahi kucheza fainali zile hawakufika hata 20.

Naye mwenyewe njia ilimpeleka huko huko. Chuoni, Hampton University, alicheza softiboli, maana kwenye vyuo vya Marekani timu za wanawake ni za softiboli. Mwaka mmoja unajaza uwanja, miaka michache baadaye huna timu ya kuchezea mchezo wako.

Na sasa je?

Agosti 2025 Mo'ne alijitokeza Washington kwenye majaribio ya ligi mpya ya kulipwa ya besiboli ya wanawake, WPBL, iliyopangwa kuanza 2026. Novemba akachaguliwa na timu ya Los Angeles. Akiwa na miaka 24, amerudi kwenye mchezo wake.

Kwa hiyo ukimwona binti mtaani kwenu anaomba namba kwenye timu ya wavulana, usimwulize kwanza kama ataweza. Mpe mpira arushe.