Daktari wa Kaunti Anapoenda Masomoni: Mambo Ambayo Mkazi Anafaa Kujua

Wakazi wengi wamewahi kufika hospitalini na kuambiwa kwamba daktari waliyemzoea "ameenda masomoni". Baadhi hudhani amefutwa kazi au ameitoroka kaunti. Mara nyingi sivyo. Makala haya yanaeleza hatua ambazo daktari hupitia kazini, na jinsi kila hatua inavyogusa huduma unayopata.

Hatua ya kwanza: Mwanagenzi

Masomo ya udaktari katika chuo kikuu kwa kawaida huchukua miaka 6. Hata baada ya kuhitimu, daktari haruhusiwi kutibu peke yake. Ni lazima kwanza afanye kazi kwa mwaka mmoja kama mwanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya uangalizi wa madaktari waliomtangulia. Katika muda huo huzunguka wadi za upasuaji, uzazi, watoto na magonjwa ya watu wazima.

Anayewapangia wanagenzi vituo ni Wizara ya Afya wala si kaunti. Kuchelewa kwa shughuli hiyo, pamoja na malipo ya wanagenzi, ni miongoni mwa masuala yaliyozua mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 uliodumu siku 56.

Hatua ya pili: Daktari wa kaunti

Mwanagenzi akimaliza mwaka wake, husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya (KMPDC). Hata hivyo, leseni haimhakikishii ajira. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, kaunti huajiri madaktari kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na nafasi hutangazwa kulingana na bajeti. Ndiyo sababu kunaweza kuwa na madaktari wasio na kazi ilhali foleni hospitalini ni ndefu.

Daktari wa hatua hii ndiye unayekutana naye mara nyingi katika hospitali za ngazi ya 4 na ya 5. Ndiye huamshwa usiku kumfanyia mama upasuaji wa kujifungua au kupokea majeruhi wa ajali.

Pia ana kazi ambayo mgonjwa haioni. Leseni hufanywa upya kila mwaka, na Baraza hutaka uthibitisho kwamba daktari ameendelea kujifunza. Kwa hivyo madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi hukutana kujadili wagonjwa waliowatatiza. Mama akifariki kutokana na uzazi, kamati ya hospitali hukaa kuchunguza kilichotokea. Lengo si kutafuta wa kulaumiwa, bali kuzuia kifo kingine. Daktari aliyekaa eneo moja miaka kadhaa huleta ujuzi mkubwa katika vikao hivyo: anajua zahanati ipi huchelewa kutuma wagonjwa, na barabara ipi haipitiki mvua ikinyesha.

Hatua ya tatu: Ubingwa

Baada ya kuhudumu, daktari anaweza kuomba likizo ya masomo ili awe bingwa wa upasuaji, watoto, uzazi, dawa za usingizi au tiba ya familia. Masomo haya huchukua takriban miaka 3 hadi 5, na sehemu kubwa ni kazi ya wadini katika hospitali kama ile ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi au ya Mafunzo na Rufaa ya Moi jijini Eldoret.

Kaunti inayomdhamini daktari huendelea kumlipa mshahara, naye hutia saini mkataba wa kurudi na kuhudumu kwa muda uliokubaliwa. Hii ina maana kwamba kwa miaka hiyo hospitali hupungukiwa na mtu mmoja ilhali mshahara wake bado unalipwa. Ni gharama kubwa, na wagonjwa huihisi.

Faida huja anaporudi. Mgonjwa ambaye angesafirishwa hadi Nairobi hutibiwa karibu na jamaa zake. Lakini bingwa mmoja hatoshi. Daktari wa upasuaji hawezi kufanya kazi bila mtaalamu wa usingizi, damu, oksijeni na wauguzi wa chumba cha upasuaji. Akirudi na kukosa hayo, au akabaki katika cheo kilekile cha zamani, atakamilisha mkataba wake na kuondoka.

Mkazi anaweza kufanya nini?

• Uliza hospitalini ni nani anayeshikilia kliniki ya daktari aliye masomoni, na ni siku gani.

• Hudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Uliza ni madaktari wangapi wako masomoni, wanasomea nini, na kama vifaa watakavyohitaji vimetengewa fedha.

• Hakikisha anayekutibu amesajiliwa. Majina ya madaktari wenye leseni yako katika tovuti ya KMPDC.

• Kwa maradhi ya kawaida, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo madaktari wachache waliobaki hospitalini watapata nafasi ya kuwahudumia walio mahututi.