Vitambaa vya Ifakara: kazi ya mikono na subira

IFAKARA wengi wanaijua kwa mchele. Lakini mji huu wa Bonde la Kilombero una pia akina mama wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mkono, waliojiunga katika chama cha wafumaji wanawake.

Mtambo wa kufumia kwa mkono hautaki umeme. Unachotaka ni subira. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, ni mamia. Hupimwa, hupangwa kwa rangi na kupitishwa mmoja mmoja kabla ya mshindio wa kwanza. Mistari huamuliwa hapo. Anayetaka kijani cha mpunga mchanga kando ya rangi ya udongo wa mtoni aseme mapema, kwani uzi ukishatandwa, kubadili ni kuanza upya.

Ndiyo maana bei humshtua mteja aliyezoea mitumba. Shati la mitumba gharama yake ya kutengenezwa ilishalipwa na mnunuzi wa kwanza, huko lilikotoka. Mama wa Ifakara akishusha bei ili ashindane nalo, anapunguza ujira wake mwenyewe. Uzi dukani haupungui.

Ukikinunua, usikimbilie mkasi. Kiloweke kwanza na kukianika, maana pamba husinyaa. Kingo zake za pembeni hazifumuki, kwa hiyo kikoi hakihitaji kukatwa: funga matamvua kwenye ncha, basi. Kwa gauni, mwombe fundi akate vipande vya mraba, apinde shingo tu. Mabaki yatatosha mfuko wa sokoni.