Kadi yenye Chipu Mapokezini: Kazi ya Kiendeshi Ndani ya Kompyuta

Mkazi wa Ruangwa aweza kuanza matibabu katika kituo cha jirani, kisha akatibiwa Nachingwea, na hatimaye akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Sokoine mjini Lindi. Kadi aliyoibeba ni ile ile, lakini kompyuta za vituo hivyo hazifanani. Kadi yenye chipu itamfaa mgonjwa huyo iwapo tu kila kompyuta itaisoma kwa namna moja. Makala haya yaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, hususan kwa kompyuta mpakato zenye kisoma kadi kilichojengwa ndani.

Kiendeshi na kiolesura

Kiendeshi ni programu ndogo inayounganisha kifaa na mfumo endeshi wa kompyuta. Kiolesura ni mapatano kuhusu maombi ambayo mfumo endeshi waweza kuyatoa kwa kiendeshi. Daktari anapoomba kipimo hujaza fomu, bila kujali maabara ina hadubini ya aina gani. Kiolesura hufanya kazi ya fomu hiyo.

Maombi ya msingi ni manne: kueleza kama kadi ipo, kuipa umeme na kupokea jibu lake la kwanza, kuifikishia amri na kurudisha majibu, na kuikatia umeme. Mpangilio wa chipu na lugha yake umewekwa na viwango vya ISO/IEC 7816, ambavyo sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1987. Viwango hivyo vyatambua umeme wa volti 5, 3 na 1.8, ni wajibu wa kiendeshi na kisomaji kuchagua unaoifaa kadi.

Kiendeshi hakipaswi kufasiri yaliyomo katika amri. Hubeba ujumbe kama tarishi abebavyo bahasha iliyofungwa. Namba ya siri huthibitishwa na chipu yenyewe.

Mahali penye hatari

Kwanza, programu mbili zaweza kuihitaji kadi kwa wakati mmoja. Kiolesura kizuri huruhusu programu moja kuishika kadi hadi imalize shughuli yake. Pasipo zamu hiyo, programu ya pili yaweza kutumia ruhusa iliyofunguliwa kwa namba ya siri ya mgonjwa.

Pili, kadi yaweza kuchomolewa kazi ikiendelea. Kiendeshi lazima kitoe taarifa mara moja, na kila ombi lililosalia likataliwe. Kikinyamaza, mgonjwa anayefuata akaingiza kadi yake, mzio wa mtu mmoja waweza kuandikwa katika jalada la mwingine.

Tatu, kompyuta mpakato hulala ili kutunza betri. Iamkapo, kiendeshi kisidhani kuwa kadi iliyomo ni ile ya awali. Kiiamshe upya na kuitambua tena.

Nne, kisomaji cha nje kikikwama huchomolewa na kurudishwa. Kilichojengwa ndani hakichomoleki. Hivyo kiolesura kiwe na ombi la kukianzisha upya bila kuizima kompyuta nzima, wakati foleni ikisubiri.

Yawapasayo wahudumu na wagonjwa

Mhudumu asichomoe kadi kabla programu haijatangaza kwamba imemaliza. Baada ya kompyuta kulala au umeme kukatika, amwulize mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha alinganishe na kilichoonekana kwenye skrini. Hitilafu ikijitokeza, anakili maneno ya ujumbe kama yalivyo, kwani ndiyo yamwelekezayo fundi. Daftari la karatasi liwe tayari, na huduma ya dharura isisubiri kadi.

Mgonjwa, usimtajie mtu namba yako ya siri. Ukiikosea mara kadhaa, chipu hujifunga. Huo ni ulinzi wako. Pia unayo haki ya kuuliza taarifa zako zatumiwaje, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda, zikiwemo za afya.