ADABU ZA KUTOA MAONI JUU YA KITABU UNACHOKISOMA



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wanafunzi wenzetu, na nyinyi wazee wetu mnaolisoma jarida hili nyumbani, sisi wanafunzi wa madarasa ya juu tumezoea kukaa duara kila Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri. Kila mmoja hueleza kitabu anachokisoma na namna anavyokiona. Baadhi yenu mmetuuliza: je, inafaa mtu kukitolea maoni kitabu ambacho bado hajakimaliza? Tunalijibu suala hili hapa kwa sababu limetufika wenyewe, na tulijifunza baada ya kukosea.

Yaliyotufika

Mwenzetu mmoja alianza kusoma Kusadikika, kitabu cha marehemu Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1951. Alipokuwa bado katika kurasa za mwanzo, alikuja kwenye duara akasema: "Kitabu hiki kinamsifu mchochezi anayewaharibia watu nchi yao." Hakusema amefika wapi, na sisi hatukumuuliza. Mdogo wetu mmoja alikwenda nayo maneno yale nyumbani. Mzazi wake, kwa kumlinda mwanawe, akamkataza kukigusa kitabu hicho. Na wengine wakakiepuka. Kikakaa kabatini miezi bila ya mtu kukifungua.

Baadaye mwengine katika sisi alikisoma mpaka mwisho. Kumbe yale maneno ya uchochezi ni mashitaka ya waziri Majivuno dhidi ya Karama, ambaye kosa lake ni kufundisha uanasheria. Sehemu kubwa ya kitabu ni utetezi wa Karama. Anahadithia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku kuitafutia nchi yao mambo ya kheri, na malipo waliyoyapata waliporudi. Mwisho Karama anaachiwa huru. Mwenzetu alikuwa amesikiliza upande wa mshitaki tu, akatoa hukumu.

Tulikwenda kwa yule mzazi tukamweleza na kumtaka radhi. Alitupokea vizuri, lakini alituuliza suala moja lililotuumiza: "Na mwandishi je, mtamtaka radhi vipi?" Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Hayupo kujitetea. Hapo tukafahamu kuwa maoni juu ya kitabu ni ushahidi juu ya mtu, na ushahidi ni amana.

Kuzungumzia kitabu kabla ya kukimaliza si kosa

Baada ya hayo baadhi yetu walitaka tuweke sharti kwamba asiseme mtu ila aliyemaliza. Ustadh wetu hakukubali. Alitukumbusha kuwa Qur'ani yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23 hivi, na Masahaba hawakungojea mpaka iteremke yote ndipo waulize na kukumbushana. Tabii Abu Abdurrahman As-Sulami amepokea kwamba waliowasomesha Qur'ani katika Masahaba walikuwa wakijifunza aya kumi, wala hawazivuki mpaka wazijue elimu na amali zilizomo. Hivyo, kusimama njiani na kulizungumza ulilolisoma ni katika njia ya kujifunza.

Hata vitabu tunavyosomeshwa vinaonyesha hivyo. Matni fupi ya Abu Shujaa ilisherehekewa na Ibn Qasim Al-Ghazzi katika Fat-hul Qarib, kisha Sheikh Al-Bajuri akaiandikia sherehe ile hashiya. Msomaji alisoma, akaeleza, akaongeza, na mahali pengine akapinga. Maoni ya wasomaji yakawa vitabu vizima. Lakini matni haikuguswa. Msomaji anajua lipi ni la Abu Shujaa na lipi ni la aliyekuja baada yake.

Basi kosa la mwenzetu halikuwa kusema mapema. Kosa lake ni kusema mapema kama mtu aliyemaliza.

Hatari ya kukata maneno

Kila mwanafunzi wa tajwidi amefundishwa kuwa pako mahali ambapo kusimama kunaharibu maana. Mwenye kusoma Surat Al-Maa'un akasimama kwenye aya ya 4 na asiendelee, ataacha onyo kali kwa wenye kusali, kama kwamba sala ndiyo kosa. Aya ya 5 ndiyo inayobainisha kuwa wanaoonywa ni wale wanaoipuuza sala yao. Na katika Surat An-Nisaa aya ya 43, mwenye kukata mwanzoni atadhani waumini wamekatazwa kuikaribia sala, hali ya kuwa makatazo ni kuikaribia katika hali ya ulevi. Ikiwa maneno ya Mwenyezi Mungu hupotoshwa kwa kukatwa, itakuwaje maneno ya viumbe?

Wanavyuoni nao yamewafika. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliandika kitabu Maqaasid al-Falaasifa. Humo alizieleza rai za wanafalsafa kwa uadilifu, kama wanavyozisema wenyewe. Katika dibaji alitanabahisha kuwa anazieleza tu kabla ya kuzijibu. Majibu yakaja katika Tahaafut al-Falaasifa, kitabu mashuhuri cha kuwarudi wanafalsafa hao.

Katika karne ya 12 Miladia, Maqaasid kilifasiriwa kwa Kilatini katika mji wa Toledo, nchini Hispania. Nakala nyingi zilizoenea Ulaya hazikuwa na ile dibaji, na Tahaafut hakikufasiriwa pamoja nacho. Matokeo yake, wasomi wengi wa huko, waliomwita Algazel, walimhesabu kuwa ni mmoja wa wanafalsafa walewale aliowarudi. Kwa kukosekana kurasa chache tu, mtu alinasibishwa na rai alizozipinga.

Adabu tunazozifuata sasa

Kwa ajili ya hayo, katika duara letu tumekubaliana juu ya mambo matano.

1. Taja ulipofika. Anza kwa kusema: "Nimefika ukurasa wa 40 katika kurasa 120." Msikilizaji atajua uzito wa maoni yako. Jambo hili ni jepesi, lakini lau tungelifanya siku ile, kitabu kisingesusiwa.

2. Soma dibaji na yaliyomo kwanza. Mara nyingi mwandishi huliweka kusudio lake mlangoni. Mwenye kuruka dibaji anaingia nyumba bila ya hodi.

3. Tenga la mwandishi na lako. Sema kwanza, "Mwandishi anasema hivi," kisha, "Mimi naona hivi." Na katika hadithi, lipo la mwandishi na lipo la mtu aliyemo ndani ya hadithi. Mwandishi akimsemesha mwizi, hakuusifu wizi.

4. Likikutatiza, lipeleke kwa mwenye kujua. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Surat Al-Furqan ndani ya sala kwa namna ambayo yeye Umar hakusomeshwa. Alikaribia kumvamia palepale, lakini alisubiri mpaka akatoa salamu. Kisha alimkamata kwa nguo yake akampeleka kwa Mtume (S.A.W.). Mtume akaamrisha aachiwe, akamsikiliza Hisham, kisha akamsikiliza Umar, na akawathibitisha wote wawili kuwa hivyo ndivyo ilivyoteremshwa. Tuangalie: Umar, pamoja na ukali wake, alisubiri mwenzake amalize. Wala hakukata hukumu mwenyewe, na alipobainishiwa alikubali.

5. Rudi useme. Ukiendelea kusoma na maoni yako yakabadilika, rudi kwa walewale uliowaambia mwanzo uwaeleze. Hakuna aibu hapo. Imam Shafii mwenyewe anajulikana kwa kauli zake za zamani na kauli zake mpya alizozitoa Misri, na hakuna aliyemdharau kwa hilo.

Huenda mtu akauliza: je, ni lazima tukimalize kila kitabu, hata kibaya? La. Umri ni mfupi, na vipo vitabu visivyofaa, na vipo vinavyofaa lakini si vya umri wetu. Ukiona huwezi kuendelea, acha. Lakini ukiulizwa, sema ukweli: "Nimeachia ukurasa wa 30, na sababu yangu ni hii." Hapo umetoa habari yako. Ukisema, "Kitabu hiki ni upotofu," umetoa hukumu, na hukumu inahitaji ujuzi. Katika Surat Al-Israa aya ya 36 tumekatazwa kuyafuata tusiyokuwa na elimu nayo, na tumejulishwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Ombi letu kwa wazazi

Wazazi wetu wapenzi, mtoto akirudi na kitabu, muulizeni masuala mawili tu: "Umefika wapi?" na "Mwandishi anasema nini?" Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza. Mtoto atakayejua kuwa ataulizwa atasoma kwa makini, na ataizoea adabu ya kunukuu sawasawa. Adabu hiyo itamfaa siku atakapochukua habari ya jirani, ya ndugu au ya mwenziwe wa kazini. Na mkisikia kitabu kinasemwa vibaya, msikikataze wala msikiruhusu kabla ya kukiangalia, au kumuuliza mwalimu aliyekisoma.

Kitabu cha Kusadikika sasa kimetoka kabatini. Jalada lake limelegea kwa kupokezanwa, na jina la yule mdogo wetu lipo katika daftari la kuazima. Alipokuja kukitolea maoni alianza hivi: "Nimefika kwa mjumbe wa tatu." Duara zima tulifurahi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, azilinde ndimi zetu na kuwadhulumu walio hai na waliotangulia, na awarehemu wote waliotuachia vitabu vya kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.