Shauri Lililoamuliwa Ukiwa Machimboni

Katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita watu wengi hawakai mahali pamoja. Pamba ikiisha kuvunwa, au mvua ikikataa, vijana na hata wazee wenye jamaa zao hushika njia ya machimboni: Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, na kokote inakosikika kwamba dhahabu imeonekana. Mtu huaga kwa mwezi mmoja, akakaa mwaka. Tuseme mtu wa namna hiyo anarudi kijijini, akaona shamba la mpunga aliloachiwa na baba yake linalimwa na mwingine, naye huyo ana karatasi yenye muhuri. Shauri lilifunguliwa, likasikilizwa, likaamuliwa, na mwenye shamba hakuitwa.

Wengi wakiona muhuri hukata tamaa. Wengine hukimbilia panga, na hapo aliyekuwa na haki hugeuka kuwa mshitakiwa. Lakini iko njia nyingine, nayo imo katika sheria yenyewe. Hukumu iliyotolewa upande mmoja yaweza kutenguliwa na korti ile ile iliyoitoa.

Asili ya jambo hili ni ya kale. Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge kilimnyang'anya digrii zake mwalimu mmoja, Richard Bentley, bila kumpa nafasi ya kujitetea. Shauri likafika mbele ya majaji, na mwaka 1723 mmoja wao akakumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita bustanini na kumwuliza alifanya nini. Bentley akarudishiwa digrii zake. Kwetu Tanzania haki hiyo imo katika Katiba, ibara ya 13(6)(a), na Mahakama ya Rufani, katika kesi ya kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts, ilisema wazi kwamba kusikilizwa ni haki ya Katiba, si hisani ya hakimu.

Basi, kuitwa maana yake nini? Samansi yapasa ifike mkononi mwa mdaiwa mwenyewe, naye aitie sahihi. Asipopatikana, yaweza kupewa mtu mzima wa jamaa yake anayekaa naye. Mtumishi wa nyumbani hahesabiwi. Ikishindikana kabisa, tarishi aweza kuibandika mlangoni, lakini lazima aeleze kwa maandishi ni nani aliyemwonyesha nyumba na ni nani aliyeshuhudia. Korti yaweza pia kuamuru tangazo litolewe gazetini. Tangazo hilo ni halali, ijapokuwa twajiuliza ni magazeti mangapi yanayoshuka ndani ya mashimo ya Rwamagasa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kwenda kuomba kuona jalada la shauri. Huko ndiko ukweli uliko. Tazama samansi ilipelekwa wapi, siku gani, nani aliipokea, na sahihi ni ya nani. Pengine utaona jina la jirani. Pengine utaona alama ya dole gumba, nawe wajua kusoma na kuandika. Pengine utakuta hakuna kitu. Andika yote unayoyaona pamoja na tarehe zake.

Jambo la pili ni siku, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwa korti zinazofuata Sheria ya Mwenendo wa Madai, muda wa kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe ni siku 30. Usizihesabu tangu siku uliyorudi nyumbani. Zimekwisha kuanza bila wewe. Kama zimepita, haki haijafa, ila sharti kwanza uombe kuongezewa muda na kutoa sababu ya kutosha. Majaji wetu ni wakali katika hilo: kila siku ya kuchelewa hudaiwa maelezo yake. Mtu aliyepata habari Januari akaja kulalamika Juni, akisema alikuwa akitafuta nauli, huenda asisikilizwe. Mahakama ya mwanzo ina kanuni zake. Ulizeni kwa karani.

Ombi huandikwa, likafuatana na kiapo. Katika kiapo eleza ulikuwa wapi, ulipataje habari, siku gani. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji yasaidia, na kiapo cha mtu aliyekuwa nawe machimboni chasaidia zaidi. Omba pia utekelezaji wa hukumu usimamishwe, la sivyo ng'ombe watauzwa huku wewe wangoja jibu. Baraza la Wilaya likikataa ombi, waweza kukata rufani Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Shinyanga. Asiye na fedha za wakili awatafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Tahadhari moja. Aliyepokea samansi kweli, akaichana au akaificha chini ya godoro, asitegemee njia hii. Nao akina mama mnaobaki nyumbani, karatasi ya korti ikiletwa, msiiweke kabatini kumngoja baba. Mpigieni simu siku hiyo hiyo.

Kuna neno jingine ambalo hata wanaojua sheria hulisahau. Mwaka 1992, katika kesi ya Cosmas Construction na Arrow Garments, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hata mtu ambaye hakufika shaurini ana haki ya kuarifiwa siku ya kusomwa hukumu. Tazameni jaladani kama taarifa hiyo ilitolewa. Kama haikutolewa, iandikeni katika kiapo.

Na hukumu ikitenguliwa, shamba halijarudi bado. Shauri laanza upya, na safari hii wote wawili watasimama mbele ya baraza. Wazee waliokuwapo mipaka ilipowekwa waombwe mapema, maana watatakiwa kutoa ushahidi.