Gari Linapiga Stata, Haliwaki

Nyee-nyee-nyee-nyee... kimya. Nyee-nyee-nyee-nyee... kimya tena. Kama unakaa Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tegeta, sauti hiyo unaijua. Hutoka nyuma ya ukuta wa jirani kabla jua halijachomoza, na nyumba ya tatu mtu aliyelala husema bila kufumbua macho: "Betri hiyo."

Si betri. Lakini tusimlaumu, maana asubuhi ya kisa hiki karibu mtaa mzima ulikosea.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota IST la mwalimu mmoja wa Mbagala. Mwalimu huyo nimemtunga mimi, msiende kumtafuta. Gari lake ndilo halikutungwa, kwa kuwa IST zimejaa barabara zote za Dar es Salaam na ugonjwa huu zinaugua kweli. Jirani wa kwanza alikuja na waya za kubusti. Wa pili akasema lisukumwe, na watoto mnavyopenda kusukuma, likasukumwa mpaka karibu na duka la mangi. Kazi bure. IST nyingi zina gia za otomatiki, na gia hiyo haishiki injini mpaka injini yenyewe izunguke na kuipa mgandamizo wa oili. Ungelisukuma mpaka Rangi Tatu, matairi yangezunguka na injini ingelala. Wa tatu, kijana mjuaji, akatoa orodha: nunua pampu, nunua koili zote nne, nunua na sensa. Fedha ya nani? Ya Mwalimu.

Ndipo akaitwa fundi wa gereji ya chini ya mwembe, akaja na kijana wake wa kumshikia spana.

"Shikamoo fundi," alisema Mwalimu.

"Marahaba. Hebu lipige tena nilisikie."

Boneti hakufungua. Alisikiliza tu.

Alisikia nini? Stata ni mota ya umeme inayozungusha injini kwa kuanzia, mizunguko kama 200 kwa dakika. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mkono wa mtu kwa hendeli ya chuma, na hendeli ikirudi nyuma ghafla iliweza kumvunja mtu mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kwa hiyo ile nyee-nyee yenye nguvu ni habari njema: betri imetoa umeme, stata imezunguka, injini haijakwama. Betri dhaifu husikika inavuta kwa kuchoka, na hapo kompyuta ya gari inaweza kukosa umeme wa kutosha. Hii haikuchoka.

Alisikia na jambo la pili: mdundo. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma. Inakataa, tena inapata joto. Ndani ya injini pistoni hubana hewa vivyo hivyo, na kila silinda inapobana, stata huelemewa kidogo. Ndiyo maana sauti ina mdundo ulio sawa. Ukisikia stata inazunguka kwa wepesi mno, vuuuu, bila mdundo wowote, ogopa. Huenda mkanda wa taiming umekatika na injini haina kompresheni, yaani haibani hewa. Injini ya IST hutumia cheni badala ya mkanda, na mdundo wake siku ile ulikuwa mzuri.

Tangu Nikolaus Otto wa Ujerumani alipounda injini yake mwaka 1876, injini za petroli za magari mengi zimebaki na hatua zile zile nne: vuta, bana, lipua, toa. Ili mlipuko utokee panahitajika hewa, mafuta, kompresheni na cheche ya plagi, tena kila kimoja kwa wakati wake. (Dizeli haihitaji plagi: hewa yake hubanwa hadi kupita nyuzi 500 za joto, na mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

"Mwalimu, gari lilitembea lini mara ya mwisho? Mafuta uliweka wapi?"

Akajibu kwamba shule zilipofungwa alikwenda kwao Lindi kwa basi, gari likabaki uani. Mafuta yalikuwa nusu tenki, ya kituo kile kile cha siku zote.

Swali la mafuta si la kupitisha muda. Kulikuwa na miaka ambapo uchakachuaji ulikuwa gumzo nchini: watu walichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na bei nafuu, na petroli au dizeli. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ipungue. Petroli yenye mafuta ya taa hufanya injini iwake kwa shida, na fundi mzoefu huitambua kwa pua.

Akatazama dashibodi. Taa ya ufunguo haikuwa ikipepesa, maana yake gari halijamkataa mwenye ufunguo. Stata ilipopigwa, mshale wa mizunguko ukainuka kidogo. Katika magari mengi hiyo ni dalili kwamba sensa ya krenki inazungumza na kompyuta. Sensa hiyo ikifa, kompyuta haijui pistoni ziko wapi, basi haitoi cheche wala mafuta.

Sasa ndipo boneti likafunguliwa. Akatoa koili moja na plagi yake, akaigeuza mwangani.

"Unaona nini?" akamuuliza kijana wake.

"Kavu, fundi."

Hapo ndipo penye utamu wa kazi yote. Injini imezungushwa asubuhi nzima. Plagi ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila cheche haipo. Ikiwa kavu, tafuta mafuta. Cheche akaipima kwa kifaa chake, ikaruka ya bluu. Kisha akapuliza dawa kidogo ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, akaomba stata. Gari likanguruma! Majirani wakashangilia. Likazima palepale, dawa ilipokwisha.

"Pampu imekufa," akasema kijana. "Nikanunue?"

"Imekufa, au imenyimwa umeme?"

Pampu ya IST imo ndani ya tenki, chini ya kiti cha nyuma. Katika Toyota nyingi za aina hii kufungua swichi peke yake hakuizungushi; hungoja stata. Fundi akaweka sikio kiti cha nyuma, kijana akapiga stata. Hakuna mvumo. Fyuzi nzima. Rilei nzima. Kiti kikainuliwa, na chini yake kulikuwa na maganda ya karanga, vipande vya sponji na waya uliogugunwa hadi shaba ikaonekana, ukakatika.

Panya! Likizo nzima walikuwa na nyumba ya bure.

Fundi akachomoa kwanza waya wa betri. Akaunga waya wa pampu kwa kiunganishi cha kubana na koleo, akafunga tepu. Hakuchomelea kwa risasi, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na karibu na tenki cheche moja inatosha kuunguza gari na nyumba. Betri ikarudishwa, stata ikapigwa, IST likawaka na kubaki limewaka. Pampu, koili na sensa vilibaki dukani.

Nyinyi mnaosoma hapa mna ruhusa ya kusikiliza mdundo, kutazama taa za dashibodi na kumuuliza fundi kama plagi ni kavu au imelowa. Koili msiishike: inageuza volti 12 kuwa zaidi ya 20,000. Petroli na dawa za kupuliza mwachieni fundi. Na anayetamani kazi hii, chuo cha ufundi cha VETA kipo Chang'ombe, humo humo Temeke ilimo Mbagala, na ufundi wa magari unafundishwa hapo kwa wavulana na wasichana.