Kwa Nini Mwali wa Meko Huruka

Mwaka 1982 wataalamu wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliandika kuhusu mkondo wa upepo mkali unaopita baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukitoka kusini-mashariki. Upepo huo ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, upande wa Marsabit. Turkana nako, kuanzia Lodwar na Kakuma hadi Kaaleng, upepo ni jambo la kila siku kwa anayepikia nje. Kuni za mathenge kwenye mafiga huuvumilia kiasi, kwani makaa yake huwasha tena mwali uliozimwa. Meko ya gesi haina makaa: ndimi za buluu huinama, hubanduka kwenye bana, yaani kichwa cha meko chenye vitundu vya moto, kisha huzimika huku gesi ikizidi kutoka. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mwali hushikiliwa na nini? Gesi hutoka mtungini kwa kasi kupitia kitundu chembamba cha nozeli, na kasi hiyo huvuta hewa kupitia matundu ya ubavuni. Viwili hivyo huchanganyika bombani kabla ya kuwaka, mbinu iliyopata umaarufu kwa Robert Bunsen huko Heidelberg mwaka 1855. Moto nao una mwendo wake. Katika mchanganyiko mzuri wa hewa tulivu na propani, mojawapo ya gesi za mtungini, husonga takriban sentimita 40 kwa sekunde kuelekea gesi inakotoka. Mwendo huo ukilingana na wa mchanganyiko, mwali hutulia. Mchanganyiko ukienda mbio kupita kiasi, mwali huruka. Ukizorota, moto huweza kurudi ndani ya bomba kwa mlio wa ghafla.

Mizizi ya mwali iko kwenye kingo za vitundu vya bana, ambako mtiririko ni wa polepole. Udogo wa vitundu una kazi nyingine pia: chuma hunyonya joto na kuuzuia moto usipenye, siri ambayo Humphry Davy aliitumia katika taa ya wachimba makaa ya mawe mwaka 1815. Ndiyo maana uji uliomwagika na kuziba nusu ya vitundu si uchafu tu. Gesi ileile sasa hupita katika vilivyobaki kwa kasi karibu maradufu, na mwali hubanduka hata pasipo upepo.

Nozeli ndiyo ya kuheshimiwa zaidi. Propani huhitaji hewa mara 24 hivi ya ujazo wake ili iungue yote. Ukipanua kitundu kwa msumari, kipenyo kikaongezeka robo, gesi huongezeka kwa zaidi ya nusu, lakini hewa inayovutwa haiongezeki kwa kiwango hicho. Kitundu kilichochubuka upande mmoja huweza hata kuielekeza gesi kwenye ukuta wa bomba, ikavuta hewa pungufu. Matokeo ni mwali wa njano, masizi kwenye sufuria, na monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu. Nozeli iliyoharibika ibadilishwe.

Kuhusu upepo, weka kinga ya mawe au bati upande unakotoka tu. Usiizungushie meko kote: bana imekaa juu ya mtungi, na joto lililofungiwa litaupasha mtungi wenyewe.